Philip Miller na Kamusi Yake ya Bustani

Mtu akifungua kitabu cho chote cha elimu ya mimea ya Afrika ya Mashariki akatafuta mparachichi, atakuta umeandikwa Persea americana, na baada ya maneno hayo mawili ya Kilatini zimefuata herufi nne na nukta: Mill. Aghalabu msomaji huzipita herufi hizo asizitazame mara ya pili. Zaonekana pia nyuma ya jina Ananas, ambalo ni jenasi ya mnanasi, na nyuma ya Ziziphus, jenasi ya mkunazi. Na kwa muda mrefu zilisimama nyuma ya jina la mnyanya, na nyuma ya jina la jenasi iliyokusanya migunga yote ya bara. Ni kifupi cha jina la Philip Miller, mtunza bustani wa London aliyefariki mwaka 1771. Hakupata kufika Afrika, wala hakuwa mwalimu wa chuo kikuu cho chote. Alikuwa mtunza bustani aliyeandika kamusi kwa ajili ya watunza bustani wenzake. Jinsi kamusi ya watu wa jembe ilivyopata kuwa hoja ya sheria mbele ya wataalamu, na jinsi hoja hiyo ilivyoshindwa kwa upande mmoja katika siku za karibuni, ni habari iwapasayo watunga kamusi pengine kuliko iwapasavyo wakulima.

Miller alizaliwa mwaka 1691, kando ya London, mtoto wa mtu aliyelima mboga na matunda ya kuuza mjini. Baba yake alimsomesha kuliko ilivyokuwa desturi kwa watu wa kazi ile. Kijana akaanza maisha kwa kuotesha maua na vichaka vya pambo na kuviuza, na tangu siku hizo alikuwa na tabia ya kutokubali neno kabla ya kulipanda na kuliona likiota. Mwaka 1721 alipanda tulipu 12 mbali na nyingine, akaondoa sehemu za kiume katika kila ua kabla hazijatoa chavua. Akakaa akitazama. Nyuki walikuja kutoka kwenye tulipu nyingine, miili yao imejaa vumbi la chavua, wakaingia katika maua yale, na maua yakazaa mbegu. Wakati huo wataalamu wengi wa Ulaya walikuwa bado wakibishana kama mimea ina mume na mke. Kazi ya mdudu katika jambo hilo ilikuwa haijaelezwa kwa ushahidi wa namna hiyo.

Mwaka uliofuata alipewa Bustani ya Dawa ya Chelsea. Bustani hiyo, iliyo ukingoni mwa mto Thames, ilianzishwa mwaka 1673 na Chama cha Watengeneza Dawa wa London, ili wanafunzi wao wajifunze kuyatambua majani kwa macho yao wasije wakawapa wagonjwa sumu. Ardhi ilikuwa imeingia mikononi mwa tabibu tajiri, Sir Hans Sloane, naye mwaka 1722 aliwaachia Chama kwa kodi ya pauni 5 kwa mwaka, milele. Aliweka sharti moja: kila mwaka mimea 50 iliyokaushwa, isiyorudia ile ya miaka iliyopita, ipelekwe kwa Royal Society, mpaka itimie 2,000. Sharti hilo lilimlazimisha mtunza bustani kutafuta mimea mipya daima, na kuipa kila mmoja jina lisiloweza kuchanganywa na jingine. Miller alikaa katika kazi hiyo karibu miaka 48.

Suala la majina lilikuwa zito hata sokoni. Wauza miche wa London walikuwa wakilaumiwa kwamba wanauza mti mmoja kwa majina matatu, au miti mitatu kwa jina moja, na mnunuzi aliyetaka tunda fulani alingoja miaka mpaka mti uzae ndipo ajue kwamba amedanganywa. Kwa ajili hiyo watunza bustani kadhaa waliunda chama chao, wakawa wakikutana kila mwezi katika mkahawa mmoja wa Chelsea. Kila mmoja alileta matawi na maua ya mimea yake, yakawekwa mezani, yakalinganishwa, na jina likaamuliwa na kuandikwa. Miller alikuwa karani wao. Matokeo ya mikutano hiyo yalichapishwa mwaka 1730 kwa jina la Catalogus Plantarum. Wasomaji wanaoijua historia ya Kiswahili sanifu watakumbuka kwamba miaka 200 kamili baadaye, mwaka 1930, Kamati ya Lugha ya Afrika ya Mashariki ilianza kazi inayofanana na hiyo: watu kukaa pamoja, kuleta maneno ya mahali mbalimbali, na kuchagua. Tofauti iko katika nani aliyekaa mezani. Chelsea walikaa wenye kuyatumia majina hayo kila siku. Katika Kamati, kwa miaka ya kwanza, wenye lugha yao hawakuwa ndio waamuzi.

The Gardeners Dictionary ilitoka mwaka 1731, kitabu kikubwa cha kurasa pana, ambacho Miller alimtunukia Sloane. Alikuwa amekwisha jaribu mwaka 1724 kwa juzuu mbili ndogo, lakini lile lilikuwa zaidi mkusanyo wa maneno ya watu wengine. Hili lilikuwa lake. Vitabu vya bustani vilivyotangulia vilipangwa kwa miezi, kama kile cha John Evelyn cha mwaka 1664, au kwa sehemu za bustani. Miller aliona kwamba mtu mwenye mche mgonjwa mkononi haulizi huu ni mwezi gani. Anauliza mche huu ni nini. Akapanga kila kitu kwa alfabeti. Kila kidahizo kilianza kwa jina la jenasi kwa Kilatini, kikafuata asili ya neno hilo kwa kadiri ilivyojulikana, kisha jina la Kiingereza, kisha alama za kuutambua mmea, kisha orodha ya aina zake, na mwisho, kwa urefu ambao hakuna mtaalamu mwingine aliyeuthubutu, namna ya kuuotesha: udongo gani, lini kupanda, kina gani, lini kumwagilia na lini kuacha. Palikuwa pia na vidahizo juu ya hewa, maji, mvua na zabibu. Mwaka 1732 alitoa na kitabu cha miezi, kwa wale walioipenda njia ya zamani, nacho kiliuzwa sana. Ila ni kitabu kisichoweza kuvuka bahari, maana Januari yake ni ya theluji, wala hakina masika wala vuli.

Kidahizo cha nanasi chafaa kutazamwa kwa makini, kwa sababu chaonyesha jinsi alivyofanya kazi. Tunda hilo katika Uingereza ya siku zile lilikuwa anasa ya mabwana wakubwa, na aliyetaka kulizalisha katika baridi ile ilimbidi apate joto lisilozimika mchana na usiku. Moto wa jiko ulikausha hewa na kuunguza mizizi. Njia waliyoijifunza watu kutoka kwa Waholanzi ilikuwa kuchimba shimo ndani ya nyumba ya vioo na kulijaza magome ya miti yaliyokwisha tumika na watengeneza ngozi. Magome hayo mabichi yalichacha polepole na kutoa joto la upole kwa miezi mingi, na vyungu vya miche vikazikwa humo. Miller alieleza magome yawe ya ukubwa gani, yakauke kiasi gani kabla ya kutiwa, na yageuzwe lini joto likipungua. Hayo si maneno aliyoyapata vitabuni. Ni maneno ya mtu aliyetia mkono wake ndani ya shimo usiku kupima kama kuna moto.

Mimea yenyewe ilimfikia kwa njia nyingi. John Bartram alipeleka mbegu kutoka Pennsylvania kwa mfanya biashara Peter Collinson, na sehemu yake ikafika Chelsea. William Houstoun alimpelekea mbegu nyingi kutoka Jamaica, Cuba na Veracruz mpaka alipofariki Jamaica mwaka 1733, na karatasi zake zikamwangukia Miller. Ni Houstoun huyo aliyeipa jenasi moja ya Amerika jina Milleria kwa heshima ya rafiki yake. Lakini haifai kusahau kwamba Houstoun alisafiri kama tabibu wa South Sea Company, na kampuni hiyo ndiyo iliyokuwa na mkataba wa kuwauza Waafrika katika makoloni ya Hispania. Njia iliyoileta mbegu Chelsea ilikuwa njia ya watumwa. Kamusi ya Miller hutaja kwa uangalifu bandari mbegu ilikotoka, na mwaka ilipofika, na jina la aliyeileta. Watu waliosafirishwa katika biashara ile ile hawana kidahizo.

Mwaka 1736 alifika Chelsea kijana wa Kiswidi wa miaka 29, Carl Linnaeus, akitoka Uholanzi, ambako alikuwa akiipanga bustani ya tajiri George Clifford. Majina ya mimea wakati huo yalikuwa sentensi nzima za Kilatini. Jina moja laweza kuwa na maneno kumi, kila neno likieleza jani au ua. Yasimuliwa kwamba Miller alimzungusha mgeni bustanini akiyataja majina hayo marefu moja baada ya jingine, na mgeni akanyamaza kimya. Miller akawaambia watu kwamba mtaalamu wa Clifford hajui mmea hata mmoja. Linnaeus alipopata habari, siku nyingine alianza yeye kutaja majina, mafupi na ya namna yake, na Miller akakasirika. Mwishowe walipatana, na Mswidi akaondoka na shehena ya mimea. Kisa hiki huelezwa mara nyingi ili kumwonyesha Miller kuwa mzee mkaidi aliyeshindwa kuona mambo mapya. Hukumu hiyo si ya haki. Wakati ule alikuwa na umri wa miaka 45 tu, na alikuwa na sababu: wateja wake, wanafunzi wake na wauza miche wa mji mzima walikuwa wamekwisha kuyazoea majina ambayo yeye na wenzake waliyaweka mezani kwa shida. Mtunga kamusi akibadili kidahizo, anayeumia kwanza ni yule aliyekwisha jifunza.

Mwaka 1753 Linnaeus alitoa Species Plantarum, ambamo kila mmea ulipewa jina la maneno mawili, la jenasi na la spishi. Ili kurahisisha kazi alikuwa amezikusanya jenasi nyingi za Mfaransa Tournefort na wenzake na kuzitia katika makundi makubwa zaidi. Mparachichi aliutia katika Laurus, pamoja na mdalasini. Mnanasi ukaingia katika Bromelia, mkunazi katika Rhamnus. Mgunga wa Misri aliutia katika Mimosa, jenasi moja na kile kijimea kifumbacho majani kikiguswa, ambacho kwa Kiswahili huitwa kifaurongo. Mnyanya aliuweka katika Solanum pamoja na mbiringani.

Miller hakukubali. Mwaka 1754, mwaka mmoja tu baadaye, alichapisha toleo la nne la muhtasari wa kamusi yake, katika juzuu tatu, kwa watu wasioweza kununua kile kitabu kikubwa. Humo alizirudisha jenasi za zamani mahali pake: Persea, Ananas, Ziziphus, Acacia, Lycopersicon, na nyingine nyingi. Hoja yake haikuwa mapenzi ya mambo ya kale. Linnaeus aliamua kwa kuhesabu sehemu za ua, na mara nyingi ua lililokauka. Miller alipanda mbegu za mmea huo mwaka baada ya mwaka, akatazama kama tofauti inabaki au inapotea. Ikibaki katika watoto na wajukuu, hiyo kwake ni aina nyingine, liseme ua liwalo lote. Kwa namna hiyo aliitenga lavenda ya jani jembamba na ile ya jani pana, ambazo Linnaeus alizifanya moja, na wataalamu wa leo wako upande wake.

Kwa Mswahili, sehemu kubwa ya ugomvi huu yaweza kuonekana ya ajabu, kwa kuwa lugha yake ilikuwa imekwisha kata shauri. Hakuna aliyewahi kudhani kwamba mgunga na kifaurongo ni wa jina moja, wala kwamba mdalasini na mparachichi ni ndugu. Juu ya mnyanya, hata hivyo, Kiswahili kimesimama na Linnaeus. Kimeliita tunda lile jipya la Amerika nyanya, na lile chungu, lililo la jenasi ya biringani, kikaliita nyanya chungu, kana kwamba wote ni wa ukoo mmoja. Na ndivyo ilivyo.

Baada ya hapo Miller alikubali polepole. Toleo la saba la kamusi kubwa, lililotoka kwa sehemu kati ya 1756 na 1759, lilifuata kwa kiasi kikubwa utaratibu wa Linnaeus, na katika miaka hiyo hiyo alikuwa akitoa pia picha za rangi 300 za mimea iliyotajwa katika kamusi. Toleo la nane, la mwaka 1768, ndilo la kwanza kutumia majina ya maneno mawili. Alikuwa na umri wa miaka 77. Katika utangulizi alisema kwamba mimea ilimwayo Uingereza imezidi maradufu tangu toleo la kwanza. Hakusema kwamba yeye mwenyewe alikuwa mmoja wa sababu kubwa. Katika toleo hilo ndipo yalipozaliwa majina Persea americana na Lycopersicon esculentum. Lina makosa pia. Mara kwa mara mmea mmoja umepewa majina mawili chini ya vidahizo viwili, kwa sababu mzee alikuwa akitafsiri sentensi ndefu za maisha yake yote kuwa maneno mawili mawili, na sentensi mbili zilizoeleza kitu kimoja zikageuka vitu viwili. Atakayemcheka na ajaribu kwanza kusahihisha kamusi yake mwenyewe baada ya miaka 37.

Kitabu kilitafsiriwa kwa Kiholanzi, Kijerumani na Kifaransa. Wanafunzi wake walienea: William Aiton alichukua bustani ya Kew mwaka 1759. Lakini uzeeni Miller aligombana na kamati ya Chama iliyosimamia bustani. Walitaka orodha na hesabu ya mimea, na alama kwenye kila mmea. Yeye aliona kwamba wanaagizwa watu wasiojua kumkagua ajuaye. Pengine kila upande ulikuwa na haki kidogo, maana bustani isiyo na alama hufa pamoja na kumbukumbu za mtunzaji wake. Aliacha kazi, akapewa malipo ya uzeeni, na nafasi yake ikachukuliwa na mwanafunzi wake mwingine, William Forsyth. Miller alifariki tarehe 18 Desemba 1771. Jiwe la kumbukumbu halikusimamishwa kaburini pake mpaka mwaka 1815. Mimea yake iliyokaushwa ilinunuliwa mwaka 1774 na Joseph Banks, ambaye ujanani alikaa karibu na bustani ile.

Nguvu ya ajabu ya kile kitabu kidogo cha 1754 ilitokea baada ya mwandishi wake kufa zaidi ya miaka 130. Mkutano wa wataalamu wa mimea uliofanyika Vienna mwaka 1905 uliamua kwamba majina yote ya mimea ya maua yahesabiwe kuanzia Species Plantarum ya 1753, na kila jina lililotangulia lisiwe na haki. Kwa uamuzi huo Tournefort alifutwa. Na kwa kuwa Miller ndiye aliyezirudia jenasi zile upesi baada ya tarehe hiyo, haki ya majina ikawa yake. Hakuwa amekusudia kuwahi. Alikuwa akitunza tu kamusi ya wateja wake.

Haki hiyo haikudumu kote. Mwaka 1993 uchunguzi wa chembe za urithi uliurudisha mnyanya katika Solanum, kama Linnaeus na kama wasemao nyanya chungu. Habari ya mgunga ilikuwa kali zaidi. Neno acacia ni la Wagiriki wa kale, nao walilitumia kwa mti wa Misri, na mti huo huo ndio uliowekwa kuwa kielelezo cha jenasi ya Miller. Ilipobainika kwamba Acacia si jenasi moja bali kadhaa, swali likawa ni kundi gani libaki na jina. Waustralia walikuwa na karibu spishi 1,000, Waafrika walikuwa na kielelezo. Mwaka 2005, Vienna tena, asilimia 54.9 ya kura zilipinga pendekezo la kuwapa Waustralia jina, lakini kanuni ya mkutano ilidai asilimia 60 ili pendekezo la kamati litenguliwe. Walio wengi wakashindwa, na mkutano wa Melbourne wa mwaka 2011 ukathibitisha. Migunga ya Afrika sasa ni Vachellia na Senegalia.

P. J. Greenway alipochapisha kamusi yake ya majina ya mimea Dar es Salaam mwaka 1937, alitanguliza neno la Kiswahili na kulifuatisha la Kilatini. Kwa mpango huo kidahizo mgunga hakihitaji kuhama. Linalobadilika ni lile la upande wa kulia. Meli ya Cook, ambayo Banks alikuwamo, ilifika Botany Bay mwezi wa Aprili 1770, miaka miwili baada ya toleo la mwisho la Miller, na mimea iliyokusanywa huko ilifika Uingereza miezi michache tu kabla ya yeye kufa. Leo, katika nyanda za Njombe, miti yenye haki ya kuitwa Acacia ni miwati, yenye asili ya Australia, iliyopandwa huko kwa ajili ya magome ya kutengenezea ngozi.